Kumwaga Kopo

Wewe uliyeliokota daftari hili, nakuomba. Lifunge hapa hapa. Kama umeshasoma mstari huu, usisome wa pili. Kama huwezi kujizuia, basi soma kimya na usimsimulie mtu. Hasa usimsimulie mzee wa kanisa yeyote wa Mbulumbulu, kwa sababu mmoja wao ni baba yangu. Sijaiba. Sijamdhuru mtu. Nimecheza karata tu. Lakini nyumbani kwetu hiyo "tu" haipo.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Mashine ya kuchapa imekula karatasi tena. Nimejaza vibali vya kuingia hifadhini kwa mkono, nimekosea kimoja, nimeanza upya. Magari yamelala uani, matope mekundu mpaka milangoni. Ni masika, wageni karibu hakuna. Gari moja tu liko chini kreta leo, kwenye bonde la wanyama: namba nne, la dereva Saning'o. Amepiga redio mara kadhaa. Nimeandika kila alichosema, kama kawaida.

Hii ndiyo kazi yangu. Dirisha, redio, kalamu. Mwaka wa pili sasa nawasikiliza madereva wakiongoza wageni huko chini. Najua Lerai, kwenye msitu wa migunga. Najua Ngoitokitok, kwenye maji ya viboko. Najua barabara ipi inateleza mvua ikinyesha na ipi inapitika. Sijawahi kushuka. Hata siku moja. Msitu wa ukingo wa kreta tunauona tukiwa shambani kwetu, lakini ndani ya kreta yenyewe nimeingia kwa masikio tu. Inaniudhi kuliko ninavyoweza kueleza.

Jioni Mama Kimaro, mwenye kampuni, ametangaza mashindano ya karata, mchezo uitwao Omaha. Mgeni mmoja wa zamani aliwafundisha madereva mchezo huo kambini Engaresero, kabla sijaajiriwa. Tangu hapo huchezwa kila masika, gereji, chai juu ya Mama Kimaro. Hawachezei pesa, hizo amezikataza. Mshindi huchagua gari lake la msimu kabla ya wenzake wote. Aliyetolewa huosha gari la aliyemtoa, msimu mzima. Ukijitoa mwenyewe mapema, huoshi, ila huchagui.

Nilimuuliza Mama Kimaro, karani kama mimi akishinda achague nini, maana hana gari. Akacheka. "Achague anachotaka ndani ya gari."

Ndani ya gari kuna kiti cha mbele, kushoto. Hukaa anayejifunza kuongoza wageni.

Nimeandika jina langu. Nimelikoleza kwa kalamu, lisifutike.

Jumatano, 16 Aprili

Mzunguko wa kwanza. Sijatolewa. Sijafanya kitu kingine chochote cha kusifiwa.

Sheria nimezikariri kama kwa mtihani. Unapewa karata nne, unazificha. Mezani hufunuliwa tano, za wote: tatu kwanza, kisha moja, kisha ya mwisho. Unatumia mbili za mkononi na tatu za mezani. Si moja, si tatu. Badala ya vile vidude vya kamari tunatumia maharage mekundu, kila mtu kopo lake la maziwa ya unga. Ukiamua kuweka yote kwa mara moja, unaligeuza kopo mezani. Wanaita kumwaga kopo.

Elirehema, fundi wa magari, amemwaga leo. Mezani kulikuwa na kopa nne, naye ana kopa moja mkononi. Akasimama kabisa, akapiga kelele kwamba ana tano. Saning'o akamwacha amalize kushangilia.

"Mbili za mkononi, fundi."

"Si nimeshika hii?"

"Hiyo ni moja. Ya pili iko wapi, umeisahau kwenye injini?"

Watu walicheka mpaka mbwa wa jirani akabweka. Elirehema ataosha namba nne. Alitoka nje, akasimama mvuani kidogo, akarudi kuchukua chai yake.

Mimi nililaza karata, yaani kuacha kushindana, karibu kila mkono uliogawiwa. Elirehema, ambaye ameshatolewa na hana aibu, ameniambia nalaza karata kama mama mwenye mapacha. Nimekasirika. Ni kweli.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Nyumbani. Ibada ndefu. Baba amesoma somo la kwanza kwa sauti ile ya kusomea kanisani. Baada ya chakula kaniuliza tunafanya nini ofisini wageni wasipokuwepo. Nikasema tunapanga mafaili. Akasema vizuri, mikono isiyo na kazi ndiyo hushika karata. Amesema hivyo hivyo, karata, bila sababu. Chai ilinipalia.

Aliwahi kuzichoma karata za kaka yangu jikoni, mbele yetu. Alizitia moja moja.

Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nilishindwa kuyatazama.

Jumanne, 22 Aprili

Siku mbaya. Mama alinifungia maharage ya kurudi nayo mjini. Nimeshuka na kifurushi mpaka ofisini, sikufikiri. Bahati, mpishi wa safari, amekiona kwenye begi langu. Mekundu. Madogo. Yale yale ya mezani, maana Mama Kimaro hununua ya Mbulumbulu.

"Jamani, karani amekuja na akiba!"

Wote wakaja kutazama. Nilijieleza, nikajieleza zaidi, na kadiri nilivyojieleza ndivyo nilivyofanana na mwizi. Mama Kimaro akakichukua kifurushi, akakipeleka jikoni. Akayahesabu upya makopo yote. Yalikuwa sawa. Kuanzia leo hakuna kuingia gereji na maharage mabichi, wala na koti lenye mifuko. Bahati ameyapika na nazi kwa chakula cha mchana. Alinipakulia sahani ya kwanza na kuniita bosi. Sikuweza kula.

Jumamosi, 26 Aprili

Mzunguko wa pili. Naandika nikiwa na hasira, niwie radhi kwa mwandiko.

Nilipata malkia wawili mkononi, na malkia mwingine akafunuliwa mezani. Malkia watatu. Saning'o akaweka maharage mengi, akijiegemeza, anasimulia habari za ndege. Nikaogopa. Nikawaza, lazima ana kikubwa zaidi. Nikalaza. Yeye akafunua za kwake bila kuombwa. Hakuwa na kitu. Hakuwa na kitu kabisa.

"Pole, mdogo wangu," akasema, na akakusanya maharage yangu kwa kiganja kama anayekusanya makombo.

Nilitaka kulia. Sikulia, nilikunja leso mara nyingi.

Halafu Bahati akamwaga kopo dhidi yangu, na nilikuwa na karata ambazo hata mimi nisingeweza kuzilaza. Nikamtoa. Gereji ikalipuka. Sasa ataosha nini? Karani hana gari! Elirehema kaamua kwamba ataosha dirisha la ofisi. Bahati kaapa litang'aa mpaka wageni waligonge kwa vichwa.

Wengine walitoana wenyewe. Nikainua macho, tumebaki wawili. Saning'o na mimi. Fainali ni Mei Mosi. Nimefika fainali kwa kukaa kimya. Siioni fahari hapo.

Jumatatu, 28 Aprili

Namba nne limeshuka kreta na wageni wawili. Redio ikaanza. Saning'o akaeleza ukungu. Akaeleza korongo wenye taji, wanavyorukaruka wakitafuta wachumba. Akaeleza fisi aliyelala barabarani kama mlevi. Akamsalimia Mama Kimaro, akaniuliza kama dirisha limeng'aa. Niliandika ukurasa mzima.

Kisha kimya. Kisha: "Ofisi, gari nne. Babu yupo. Lerai. Kwisha."

Babu ndiye faru. Madereva hawamtaji kwa jina hewani. Mgeni akilisikia jina lile husimama juu ya kiti, na akimkosa hununa mpaka Arusha.

Kalamu yangu ilisimama. Nikayarudia kichwani ya miezi yote niliyomsikiliza mtu huyu. Akiwa hajaona kitu, huongea. Huwajaza wageni ndege na hadithi ili wasione kwamba bonde ni tupu. Akiona kitu, hufupisha. Sauti hushuka, maneno huisha, kana kwamba anaogopa kukishtua.

Jumamosi alipokula maharage yangu alikuwa anasimulia ndege.

Huenda najidanganya. Mtu mwoga huona dalili popote. Lakini siwezi kulitoa kichwani.

Jumatano, 30 Aprili

Saning'o amekuja dirishani. Alikuwa mpole. Upole wake ndio ulionichoma.

Kasema anataka gari jipya, amelingoja misimu mitatu, mgongo wake hauwezi tena namba nne. Kasema kesho nijitoe kabla hatujaanza. "Hutaosha. Utapigiwa makofi, mwanamke wa kwanza kufika fainali. Kuna ubaya gani, dada?" Nikaendelea kupanga vibali. Akaniuliza nikishinda nataka nini. Nikamwambia. Hakucheka. Alitazama kucha zake. Akasema yeye alishuka kreta mara ya kwanza akiwa mtoto, nyuma ya ng'ombe wa baba yake wakienda kulamba chumvi, wala hakujua kwamba kuna watu wa kulipia kuona mahali pale. Kisha akasema madereva huchukua miaka kujifunza, na karani mzuri ni shida kumpata.

Karani mzuri. Nimelichukia neno hilo jioni nzima.

Nikijitoa: hakuna aibu, hakuna kuosha, hakuna atakayepiga picha, baba hatajua. Nitabaki dirishani. Nikicheza na kutolewa: kila jioni nitakuwa uani na ndoo, barabarani wanapita watu wa Mbulumbulu, mmoja atauliza kwa nini binti wa mzee anaosha magari, na mwingine atamjibu.

Sijaamua. Nimekasirika kwamba sijaamua.

Alhamisi, 1 Mei

Nitaandika kwa utaratibu.

Mvua ilikatika. Wamesukuma namba nne nje, wakaweka meza mahali pake. Sikujitoa. Si kwa ujasiri. Mama Kimaro aliuliza nani anajitoa na mdomo wangu haukufunguka, basi.

Mikono ya kwanza nililaza. Kisha nikaacha kulaza. Kila Saning'o alipoongea sana, nilibaki. Kila alipofupisha, nilitoka. Kopo langu likaanza kuwa zito. Elirehema akaacha kunitania, akavuta ndoo, akakaa karibu. Mpaka kwenye chai makopo yetu yalikuwa karibu sawa, langu limepungua kidogo tu.

Ukaja mkono wenyewe. Nilipewa kumi ya shupaza, tisa ya uru, mfalme wa kopa, na nne ya maua. Mezani zikafunuliwa tatu: kumi ya kopa, tano ya kopa, tisa ya maua. Jozi mbili kwangu, makumi na matisa. Karata ya nne: mbili ya kopa.

Kopa tatu mezani. Mwenye kopa mbili mkononi ananiua. Mimi ninayo moja. Hata ikiwa mfalme, moja ni moja. Elirehema alijifunza hilo mbele yetu sote.

Saning'o alinitazama. Akaanza kuhusu korongo.

Akaeleza taji la dhahabu. Akaeleza jinsi dume linavyoinama. Akamuuliza Bahati kama aliwahi kumchezea mchumba wake namna ile, Bahati akasema mchumba wake anapenda nyama siyo ngoma, watu wakacheka. Katikati ya kicheko Saning'o akaligeuza kopo lake lote mezani, na akaendelea kuongea.

Nilihesabu kopa zilizobaki. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyotaka. Hesabu ilisema labda. Masomo yangu yote, vyeti vyangu vyote, na jibu ni labda. Nikilaza, nitabaki na maharage ya kutosha na mchezo utaendelea. Nitalaza tena mkono mwingine. Na mwingine. Nilijiona nikiwa dirishani na nywele nyeupe, naandika babu yupo, Lerai.

"Karani," Mama Kimaro akasema, "chai inapoa. Unalaza au unamwaga?"

"Muache, Mama," akasema Saning'o. "Korongo pia hufikiri kabla ya kuruka. Kuna mmoja nilimwona Ngoitokitok..."

Alikuwa bado anaongea.

Nikamwaga kopo.

Harage moja lilidunda, likaingia chini ya kabati la spana. Elirehema akalifuata kwa magoti. Saning'o akanyamaza ghafla, katikati ya ndege wake.

Tukafunua. Yeye: malkia wawili, jeki, saba. Kopa moja tu. Alikuwa ananitisha kwa kopa ambazo hana. Jozi moja dhidi ya jozi zangu mbili. Nilikuwa nimemsoma mpaka mwisho. Mtu mmoja nyuma yangu akasema "eeh!" taratibu, kama anayeona gari likitoka matopeni.

Bado karata moja. Mama Kimaro akaifunua.

Malkia wa shupaza.

Malkia wake watatu.

Nilikuwa sahihi. Nimetolewa. Sijui nimkasirikie nani. Saning'o hakuiba. Mama Kimaro hakupanga. Ningekuwa nimekosea ningejilaumu, ningelala. Siwezi hata kujilaumu. Ni hasira isiyo na mwenyewe.

Ijumaa, 2 Mei

Namba nne bado ni lake mpaka gari jipya lipakwe rangi na kupata vibali vyake. Jioni: ndoo, brashi, sketi ya ofisi. Matope mpaka magotini. Elirehema alipaswa kuwa anaosha nami, maana yeye pia alitolewa na huyu huyu. Kasema tugawane, yeye juu, mimi chini. Chini ndiko kwenye matope.

Saning'o akaja akasimama. "Ulijua sina."

Nikaendelea kusugua.

"Ulijuaje?"

Nikahamia tairi la pili. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nimenuna tu.

Jumatano, 14 Mei

Anauliza kila siku. Dirishani, uani, hata hewani mara moja, Mama Kimaro akamkaripia. Kaniletea ndizi. Kaniletea mua. Jana kakisia kwamba ni macho yake, leo anavaa miwani ya jua ndani ya ofisi. Elirehema anacheka mpaka anashika tumbo. Naelewa kinachomsumbua. Masika ijayo atakaa tena mezani, na yupo mtu anayejua, na mtu huyo ana mdomo.

Leo chini ya gari nimekuta vumbi jeupe limeganda kwenye vyuma. La ziwa la magadi. Nilijua hata kabla sijaligusa, alipita pale saa nne, niliandika mwenyewe. Nikalikwangua kwa ukucha. Nikaliweka ulimini. Lina chumvi. Nikatazama kama kuna aliyeniona.

Jumatatu, 2 Juni

Wageni wameanza, na gari jipya bado halijapata vibali. Mtandao umekatika siku ya kwanza ya msimu, bila shaka. Nimegombezwa na mgeni kwa kosa la mvua iliyokwisha mwezi uliopita.

Jioni Saning'o akaja tena. Kabla hajafungua mdomo nikaweka brashi chini. Nikamwambia nitamwambia. Uso ukamfunguka. Nikamwambia, si hapa. Nitamwambia tukiwa chini, Lerai, mimi nimekaa kushoto. Na si siku moja. Kila siku kiti kile kikiwa wazi, msimu huu wote. Na ruhusa ya Mama Kimaro ataiomba yeye, siyo mimi.

Sauti yangu ilikuwa nyembamba kama uzi. Nikaiokota brashi.

"Na nikikataa?"

"Nitamwambia Elirehema."

Akacheka. Akasema sivyo karani anavyoongea. Akaanza kunieleza habari za kiti, jinsi kilivyochakaa, mpishi anavyopenda kukikalia, wageni wengine hutaka kukaa mbele wapige picha, kisha akaingia kwenye habari za tai. Nikamwacha aongee. Nikasafisha tairi.

Hana sababu ya kukataa. Anaongea sana, maana yake hana kitu mkononi. Nilisikia.

Ijumaa, 6 Juni

Leo saa nane, redio.

"Ofisi, gari nne."

"Endelea, gari nne."

"Kesho. Saa kumi na mbili. Kushoto. Kwisha."

Hakuna ndege. Hakuna ukungu. Nikaandika, kama kawaida. Kisha nikakaa mikono mapajani mpaka simu ilipoita.

Mama Kimaro amesema siku za kiti dirisha atalishika yeye, na mshahara wangu ni ule ule, na nisimwambie kuwa nimechoka. Nimeazima buti za Elirehema, ni kubwa, nimejaza magazeti kwenye ncha zake. Baba bado hajui. Kopo hilo sijalimwaga. Jioni ni tulivu, wingu limekaa juu ya ukingo, namba nne limeoshwa juu na chini.

Kwa hiyo, wewe mwenye daftari hili. Usilirudishe dirishani. Dirishani yupo Mama Kimaro, naye husoma kila karatasi. Njoo uani jioni, magari yakirudi. Utakayemkuta chini ya namba nne, amelala chali na brashi, ndiye mimi. Ukishindwa kungoja mpaka jioni, mwombe dereva yeyote kwenye lango la hifadhi akuazime redio. Uliza gari nne, kushoto. Usijieleze sana. Sema neno moja tu, halafu unyamaze. Nitajua kuna kitu.